Kabla Fundi Hajang'oa Waya

Leo tuzungumze kamera. Za harusi tuwaachie wenyewe; mimi nazungumzia hizi za ulinzi, zinazoning'inia kwenye kona za maduka, gesti, maghala na mageti ya watu, nyingine zina vumbi la miaka kumi na hakuna anayezitazama mpaka siku mali imetoka.

Kama zako zilifungwa kabla ya mwaka 2014 hivi, basi kwa kiasi kikubwa picha unayopata ni ile ya televisheni ya chogo. Sisemi kwa dharau. Kamera za analojia za wakati ule zilitumia mfumo uleule wa PAL uliotuletea taarifa ya habari sebuleni miaka yote: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Televisheni ilihama. Hapa Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na siku zilizofuata watu walihangaika na ving'amuzi. Kamera ya dukani haikuzimiwa mtambo na mtu yeyote, kwa hiyo ikaendelea kunasa kama ilivyozoea, na mwenyewe akaendelea kuamini kwamba analindwa.

Imani hiyo inavunjika siku polisi wanapokuja. Watu wamejazana nyuma ya kaunta, kijana wa duka anarudisha video nyuma, na kweli mtu anaonekana. Ana kofia, ana shati la rangi nyepesi, na anatembea kwa miguu miwili. Basi. Mwenye duka anaamrisha, "vuta karibu," kijana anavuta, na uso wa mwizi unageuka vigae vya bafuni. Kwenye sinema za upelelezi picha ikivutwa inazidi kusafika, ndiyo maana mzee wa watu anahisi ameibiwa mara mbili. Lakini kamera haiwezi kurudisha kitu ambacho haikukinasa.

Tuweke hesabu mezani, kwa sababu wauzaji wanapenda kututisha na namba. Kinasa cha zamani, hii mashine mafundi wanayoiita DVR, kikifanya kazi kwa uwezo wake wote kilihifadhi picha yenye pikseli 704 kwa upana na 576 kwa kimo. Zidisha, unapata kama laki nne. Na vingi havikuachwa hata hapo. Fundi alivishusha hadi 352 kwa 288, robo ya laki nne hizo, ili diski isijae haraka. Picha ya HD kamili ni 1920 kwa 1080, pikseli zaidi ya milioni mbili. Ni mara tano ya ile nzuri ya zamani, na mara ishirini ya ile iliyoshushwa.

Sasa muuzaji ataishia hapo, akuandikie risiti. Mimi naomba tuendelee kidogo, maana milioni mbili hizo zinategemea umezitandaza wapi. Kuna viwango vya kimataifa vya kamera za ulinzi, IEC 62676, na ndani yake mna kipimo ambacho kila anayenunua kamera angepaswa kukijua: pikseli ngapi zinaangukia kwenye mita moja ya mahali unapopatazama. Kwa toleo la mwaka 2014, pikseli 25 kwa mita zinatosha kukuambia kwamba pana mtu. Zikifika 125, utamtambua mtu unayemjua tayari, kama kijana wako wa stoo. Ukitaka kumtambua mgeni, uso ambao hujawahi kuuona, unahitaji 250.

Chukua geti la mita sita. Kamera ya zamani, pikseli 704 gawanya kwa sita, unapata 117. Hata kijana wako wa stoo hutaapa kwamba ndiye. Kamera ya HD kamili mahali palepale inakupa 320, na sura ya mgeni inasomeka. Lakini ukisema, "fundi, nataka ione uwanja wote mpaka ukuta wa jirani," naye akakuwekea lenzi pana inayofunika mita ishirini, 1920 gawanya kwa ishirini ni 96. Umelipa pesa ya kamera mpya, umepata macho ya kamera kuukuu. Hili naliona kila mahali, na kwa kweli linaniudhi kuliko wizi wenyewe, kwa sababu mwenye nyumba anajisifu kwamba anaona kila kona. Anaona kila kona na hamtambui yeyote.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya dukani, ni hili: watu wanabanana wapi? Kwenye mlango, kwenye ngazi, mbele ya kaunta, kwenye kile kigeti cha kupita mtu mmoja mmoja. Hapo weka kamera yako bora, iangalie nyuso, chini kidogo, isiwe juu darini inapohesabu vipara. Uwanja unaweza kubaki na kamera ya kawaida. Kazi yake ni kukwambia saa ngapi mtu aliruka ukuta na alielekea wapi.

Haya, fundi amefika. Ametazama kushoto na kulia, akasema: "Bosi, hapa tunang'oa yote, tunapiga waya mpya."

Ngoja kwanza. Waya ulio ukutani mwako, ule mnene unaofanana na wa dishi, wenye kichwa cha kuzungusha mafundi wanachokiita BNC, hauna kosa. Kuanzia mwaka 2012 makampuni yalianza kutoa njia za kupitisha picha ya HD ndani ya waya huohuo wa zamani. Dahua wa China wakaja na ya kwao, HDCVI. Muda mfupi baadaye zikafuata mbili nyingine, TVI na AHD. Kabla ya hapo palikuwa na njia iliyotoka kwenye studio za televisheni, HD-SDI, picha safi sana, lakini ukipita mita mia moja hivi inachoka, na bei yake haikuwa ya duka la mtaani. Hizi tatu mpya zinasafiri mbali zaidi, mita mia kadhaa kwenye waya mzuri, na kamera zake ni za bei ya kawaida. Maana yake ni kwamba jipsamu yako inaweza kubaki salama darini, na bomba zilizozikwa ukutani zisiguswe.

Kama unajenga upya, au unapanua jengo, hapo nakubaliana na fundi: piga waya wa mtandao wa kompyuta, weka kamera za IP, waya mmoja ubebe picha na umeme, mradi usivuke mita mia moja. Kwenye jengo la zamani lenye waya mzima, sioni sababu ya kuvunja.

Nimesema waya mzima. Hapa ndipo pa kukazana, maana waya nao una ujanja wake. Nyaya nyingi za bei nafuu zilizouzwa kwetu si shaba tupu. Ndani ni alumini, juu zimepakwa shaba. Kuna nyingine ndani ni chuma. Kuzijua si kazi ya maabara. Kata kipande cha waya ambacho hakitumiki, menya ganda, kisha chukua wembe ukwangue ule uzi wa ndani. Shaba ya kweli utaikwangua mpaka uchoke, itabaki nyekundu. Ukiona weupe, ni alumini au chuma. Ukitaka kujua kama ni chuma, sogeza sumaku, inadaka palepale. Kwa picha peke yake, kwa masafa ya dukani, unaweza kuvumilia. Balaa liko kwenye ile jozi ya nyaya za umeme wa volti 12 zinazokwenda pamoja na ule wa picha. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kamera mpya ikiwa mbali na adapta inafikiwa na umeme uliokwisha nguvu.

Dalili yake ina tabia ya kuchekesha, na nimeona watu wakimsingizia jini. Mchana kamera inafanya kazi safi kabisa. Jua likizama, zile taa ndogo za infraredi zinazozunguka lenzi zinawaka ili kamera ione gizani, na sasa inahitaji umeme mwingi zaidi. Waya hauwezi, volti zinashuka, kamera inazimika. Ikizimika taa nazo zimezimika, mzigo umeondoka, volti zinapanda, kamera inawaka upya. Inawasha taa, inazimika tena. Usiku kucha hivyo hivyo, halafu kukipambazuka inatulia kama haikufanya kitu. Mwenye duka anarudisha kamera akidai ni feki. Kamera nzima. Mwambie fundi apime volti upande wa kamera, usiku, taa zikiwa zimewaka. Asipime kwenye adapta. Dawa mara nyingi ni adapta kuhamia karibu na kamera, au kubadilisha jozi ya umeme peke yake.

Na sisi wa pwani tuongeze kutu. Kichwa cha BNC kilichokaa nje Tanga, Unguja au Mombasa miaka minane bila kufunikwa kimeshaliwa na chumvi. Kukikata na kuweka kipya ni kazi ya dakika chache, na picha iliyokuwa na mistari inatulia.

Waya ukipita mtihani, anza na kinasa, kamera baadaye. Watu wengi hufanya kinyume: wananunua kamera mpya nane, wanazichomeka kwenye kinasa cha zamani, kisha wanalalamika. Vinasa vya sasa vya mchanganyiko vinapokea kamera kuukuu za analojia, na zile tatu za HD nilizozitaja, na hata kamera kadhaa za IP. Ukiweka kinasa hicho leo, kamera zako zote zinaendelea kama jana, halafu mwezi huu unabadilisha ya mlangoni, mwezi ujao ya kaunta, kadiri mfuko unavyoruhusu.

Angalia tu boksi lake vizuri. Ukisoma "1080N", au 1080 iliyofuatiwa na neno "Lite", jua kwamba hiyo si 1080 unayoifikiria. Inahifadhi pikseli 960 kwa upana badala ya 1920, nusu nzima imekatwa, kisha picha inanyooshwa ijae kwenye kioo. Rudi kwenye geti letu la mita sita: 960 gawanya kwa sita ni 160. Kijana wa stoo utamjua, mgeni hutamjua. Na kamera yenyewe ni HD kamili, na risiti inasema HD kamili. Kamera ilileta uso, kinasa kikautupa nusu.

Sasa diski. Jambo hili sijui kwa nini halisemwi dukani. Kamera ya zamani ilikuwa inakula kama megabiti moja kwa sekunde, sawa na gigabaiti 11 hivi kwa siku. Kamera nane, gigabaiti 86. Diski ya terabaiti moja ilikupa siku kumi na moja. Weka kamera nane za HD kamili zinazokula megabiti nne kila moja, na diski ileile: gigabaiti 345 kwa siku. Umebaki na siku tatu zisizotimia. Mwizi wa usiku utamkamata, kwa sababu asubuhi tu umeshajua. Lakini je, huyu anayetoa katoni moja moja kwenye stoo, ambaye unamjua siku ya kuhesabu mali mwisho wa mwezi? Ukifungua kinasa, kila kitu kimeshafutwa na picha safi za kuku wakivuka uwanja.

Kinasa chenye mfumo wa kubana picha wa H.265 kinaweza kupunguza mzigo karibu nusu. Hapo diski hiyo inafika karibu siku sita. Ukitaka siku thelathini kwa kamera nane zinazonasa saa zote, unahitaji zaidi ya terabaiti tano. Ni pesa. Njia ya kati ni kuiambia kamera ya stoo inase pale tu kitu kinapotembea. Lakini stoo na nje si sawa. Nje usiku taa za infraredi zinavuta wadudu, wadudu wanamvuta buibui, buibui anafuma utando mbele ya lenzi, na kila upepo ukiutikisa kamera inaapa kwamba pana mtu. Fagio la mti mrefu mara moja kwa wiki ni sehemu ya ulinzi. Na diski yenyewe, tafadhali, isiwe ile iliyochomolewa kwenye kompyuta ya ofisini. Ile haikutengenezwa kuandika usiku na mchana mwaka mzima.

Kuna jambo la mwanga nalipitia haraka. Maduka yetu yana mlango mpana na jua kali nje. Kamera ya ndani inayotazama mlango inaona barabara nyeupe na kila anayeingia ni kivuli cheusi. HD haiponyi hilo. Unapata kivuli cheusi chenye kingo safi. Tafuta kamera yenye uwezo wa kweli wa kusawazisha mwanga na giza, imeandikwa WDR, au ihamishe ukuta wa pembeni.

Tuje kwa simu. Kila mtu siku hizi anataka kuona duka lake kwenye simu akiwa safarini Mwanza au Guangzhou. Sawa. Ila kinasa kikiunganishwa na intaneti kimekuwa kompyuta, na kompyuta isiyo na nywila ya maana ni mlango wazi. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikibisha hodi kwenye kamera na vinasa, ikijaribu orodha ya majina na nywila kama sitini za kiwandani, zile za "admin" na "12345". Ilijikusanyia jeshi la vifaa, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikiwaelekeza watu kwenye tovuti kubwa. Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Kamera za watu waliokuwa wanalinda biashara zao ndizo zilizofanya kazi hiyo, na wenyewe hawakujua.

Mirai iko mbali. Wa karibu ni fundi wako. Ndiye aliyeweka nywila, ndiye aliyeunganisha simu, na mara nyingi simu yake nayo bado imeunganishwa. Simtuhumu. Lakini siku ya kumlipa, kaa naye kwenye kiti, ubadilishe nywila kwa mkono wako mwenyewe, uangalie orodha ya waliounganishwa, ufute usiyemjua.

Na hapa ndipo HD inapoleta tatizo ambalo kamera kuukuu haikuwa nalo. Fikiria wakala wa fedha za simu. Kaunta ndogo, kamera juu ya kichwa chake, inatazama chini kwa mteja. Zamani ilionyesha mkono na kitu cheusi. Leo inaonyesha kidole kinabonyeza namba ipi, moja baada ya nyingine. Namba ya siri ya kila mteja imehifadhiwa kwenye diski yako, na kama nywila ni "12345", si kwako peke yako. Geuza kamera ione uso wa mteja na droo ya fedha, simu yake iiache. Vinasa vingi vinakuruhusu kufunika sehemu ya picha kwa kiraka cheusi, kitumie. Kitumie pia kwa dirisha la jirani, ambalo kamera ya zamani ililiona kama doa na hii mpya inaona mpaka aina ya pazia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Sura ya mtu ni taarifa yake. Bango dogo mlangoni linalosema hapa pana kamera si pambo.

Kabla sijasahau, saa. Kinasa kikiachwa kwenye saa za Beijing, kiko mbele yetu kwa saa tano. Tukio la saa nane usiku litaandikwa saa moja asubuhi, na wakili wa upande wa pili hatahitaji maneno mengi. Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, lakini inaitaka mahakama itazame ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Kenya, anayeuwasilisha anadaiwa hati ya kuuthibitisha. Weka saa ya Afrika Mashariki, andika nani alitoa nakala, lini, akampa nani.

Basi fundi amemaliza, ngazi bado iko ukutani, na salio lake liko mfukoni mwako. Usilitoe mchana. Mwambie asubiri giza. Mtafute mtu asiyefanya kazi hapo, avae kofia, apite getini kwa mwendo wa kawaida. Pikipiki nayo iingie ikiwa imewasha taa. Kisha usitazame kwenye kioo cha moja kwa moja, hicho siku zote kinapendeza. Rudisha video nyuma, itoe kwenye flashi, ifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa. Sura inasomeka? Namba ya pikipiki je, au taa zimeimeza? Saa iliyoandikwa ni sahihi? Kama kuna jibu hata moja la hapana, fundi apande tena.